Hukumu ya Washmu: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kuchorwa na Baada Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba binadamu katika umbo lililo bora, akamkabidhi mwili wake uwe amana mikononi mwake. Na sala na salamu zimfikie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Katika mambo ambayo vijana wa Kiislamu wa miji ya pwani wanahitaji sana kufundishwa ni hukumu ya kuchorwa ngozi kwa sindano na rangi. Watu wa jambo hili ni mafungu mawili: wasioijua hukumu kabla ya kuchorwa, na wasiojua la kufanya baada ya kuchorwa. Fungu la kwanza huingia dhambini kwa ujinga. Fungu la pili hukata tamaa ya kutoka, na hili ndilo lenye khatari zaidi.

Apigiwe mfano Zaid, kama ilivyo ada ya vitabu vya nahau na fiqihi kumpigia mfano Zaid. Zaid alisoma chuoni, akakhitimu Qur-ani, kisha akashika kazi ya meli. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alifuatana na wenzake katika bandari ya ugenini, akachorwa nanga mkononi na jina la mwanamke chini yake. Miaka kumi imepita. Amerudi kwao, ameoa mwanamke mwengine, na jina lile li pale pale. Siku moja akitawadha birikani, mzee mmoja akamwambia mbele ya watu kwamba hana udhu wala hana sala, kwa kuwa maji hayaingii katika ngozi iliyotiwa wino. Zaid akashika viatu vyake, akatoka, na tangu siku ile hakuonekana msikitini.

Hapa pana makosa mawili, la Zaid na la mzee. Somo hili linaeleza yote mawili, ili asiyechorwa ajizuie, na aliyechorwa arejee.

FASLI YA KWANZA: Washmu ni nini

Washmu, kwa lugha ya Kiarabu, ni kuidunga ngozi kwa sindano hatta damu itoke, kisha kutiwa mahali hapo wanja, au nili, au masizi, au rangi nyengine, na pakishapona hubaki alama isiyotoka kwa kuoshwa. Vijana wa leo huita tatuu. Jina limegeuka, na kitu ni kile kile.

Jambo hili ni la kale sana. Mwaka 1991, katika milima ya barafu baina ya Austria na Italia, ulionekana mwili wa mtu aliyekufa kadiri ya miaka 5,300 iliyopita, na katika ngozi yake zikahisabiwa alama 61. Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa nalo, wanawake wao wakichora viganja na nyuso. Wamakonde wa kusini ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji walikuwa wakichanja nembo nyusoni na kutia mkaa. Na mwaka 1891, katika mji wa New York, Samuel O'Reilly alipata hati ya serikali kwa mashine ya umeme ya kazi hii. Tangu hapo lililokuwa likichukua siku nyingi likawa la saa chache. Basi asidhani kijana kwamba anafuata jambo jipya la watu walioendelea. Anarudia jambo la Jahiliya kwa mashine ya umeme.

Yako mambo matatu yasiyokuwa washmu, wala yasichanganywe nao. La kwanza ni chanjo ya hospitali, kama ya ndui zamani na ya homa ya ini leo. Hiyo ni dawa, na kujikinga na maradhi ni katika yaliyoamrishwa. La pili ni hina. Hina hukaa katika ngozi ya nje tu, na hutoka yenyewe baada ya wiki moja hatta tatu. Kwa mke ni pambo la halali. Ama mwanamume, katika madh-habi ya Imamu Shafi, haimjuzii kupaka hina mikono na miguu pasi na haja, kwa kuwa ni kujifananisha na wanawake. Walakini kuzipaka ndevu zenye mvi ni sunna. Na mwenye nyumba ajihadhari na piko nyeusi inayochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi, kwani dawa hiyo huweza kuunguza ngozi ya mke na watoto wake, ikatoa malengelenge na kuacha makovu. La tatu ni nukta ndogo wanazotia matabibu katika mwili wa mgonjwa wa saratani, ili mionzi ipige mahali pamoja kila siku ya matibabu. Hizo zimetiwa kwa haja, na haja ina hukumu yake.

Na liko jambo moja ambalo watu hawalihisabu kuwa ni washmu, nalo ni katika hukumu yake: chale za waganga. Mganga huchanja kwa wembe, damu ikatoka, kisha akasugua unga mweusi ndani yake, na alama ikabaki mpaka mauti. Mbali ya alama, huenda pakawa na itikadi kwamba chale ile ndiyo inayokinga jicho na uchawi. Itikadi hiyo ni mbaya kuliko alama, kwa sababu alama iko katika ngozi, na itikadi iko moyoni.

FASLI YA PILI: Hukumu yake kabla ya kuchorwa

Kuchorwa washmu ni haramu, na kumchora mwengine ni haramu, na ujira wa kazi hiyo ni haramu. Dalili yake ni hadithi iliyo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, iliyopokewa na Abdullahi bin Masuud na Abdullahi bin Umar (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) amewalaani mwenye kuchora na mwenye kutaka kuchorwa. Na jambo likitajwa pamoja na laana, maulamaa hulihisabu katika madhambi makubwa.

Huenda mwanamume akasema: hadithi imetaja wanawake, basi mimi simo. Jawabu yake ni kwamba wanawake wametajwa kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakifanya zaidi katika zama zile, na hukumu ni ya wote. Bali mwanamume ni wa mbele kukatazwa, kwa kuwa pambo lenyewe aslani si lake.

Imesimuliwa kwamba Ibnu Masuud aliposema maneno haya, yalimfikia mwanamke wa Bani Asad, jina lake Ummu Yaaqub, aliyekuwa msomaji wa Qur-ani. Akamwendea, akamwambia kuwa amesoma Msahafu wote na hakuiona laana hiyo. Ibnu Masuud akamjibu kwamba lau angeisoma kwa kuizingatia angeiona, akamkumbusha aya ya 7 ya Sura ya Hashri, inayoamrisha kuyashika aliyoyaleta Mtume na kuyaacha aliyoyakataza. Mwanamke yule akasema anadhani mke wa Ibnu Masuud naye anafanya jambo katika hayo. Akaambiwa aende akatazame. Akaingia, akatazama, asione kitu. Katika kisa hiki mna mafundisho mawili: kwamba lililokatazwa na Mtume halina haja ya kutajwa kwa jina lake ndani ya Msahafu, na kwamba mwenye kufundisha watu huanza na nyumba yake.

Ama hekima ya makatazo, ya kwanza ni kuligeuza umbo la Mwenyezi Mungu pasi na haja. Katika aya ya 119 ya Sura ya Nisaa imetajwa ahadi ya Iblisi kuwa atawaamrisha watu waligeuze umbo aliloliumba Mungu. Ya pili ni najisi, kwani damu hutoka ikachanganyika na rangi, zikafungika pamoja chini ya ngozi. Ya tatu ni madhara ya mwili, nayo yanafuata katika fasli ya tatu.

Wako vijana wanaodhani kwamba wakichorwa jina la Mwenyezi Mungu, au aya, au jina la mama mzazi, jambo litageuka kuwa jema. Halikugeuka. Jina tukufu likidungwa na damu, kisha likaingizwa chooni kila siku, huko ni kulidharau wala si kulitukuza. Na mama hakumwomba mwanawe amwandike begani. Haki yake ni kutiiwa, kulishwa akizeeka, na kuombewa dua akifa.

FASLI YA TATU: Khatari za mwili

Ngozi ya binadamu ina tabaka. Tabaka ya nje hufa na kupukutika daima, ikaja nyengine. Tabaka ya chini haipukutiki, na humo ndimo sindano inamotia wino. Mwili huuona wino kuwa ni mgeni, ukatuma chembe zake za ulinzi kuumeza. Chembe zikaumeza zisiweze kuusaga, zikabaki nao pale pale. Zikifa, nyengine huja zikaumeza tena. Ndiyo sababu alama haiondoki kwa miaka. Na sehemu ya wino huchukuliwa hatta kwenye matezi, ikakaa humo. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba ni rangi ya juu tu hajui kinachofanyika mwilini mwake.

Khatari kubwa iko katika sindano na katika kikombe cha wino. Sindano iliyomdunga mtu mmoja ikimdunga wa pili kabla ya kusafishwa kama inavyopasa, huweza kumwambukiza homa ya ini ya aina ya B na ya aina ya C, na virusi vya UKIMWI. Virusi vya homa ya ini ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7, vikakaa juu ya chombo kinachoonekana kikavu na safi. Ya B ina chanjo. Ya C haina. Na wembe wa mganga unaopita kutoka mtoto hatta mtoto una khatari ile ile. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba aliyechorwa asitoe damu ya kuwapa wagonjwa mpaka ipite miezi 6. Kijana na azingatie jambo hili: kwa mchoro wa saa moja, mama yake akihitaji damu katika muda huo, yeye hatakubaliwa kumtolea.

Wino wenyewe nao una khatari. Rangi nyengine, na khasa nyekundu, huweza kuwasha na kuvimbisha ngozi baada ya miezi au miaka. Nchi za Umoja wa Ulaya, ambako washmu ni jambo la kawaida, zilizuia tangu Januari 2022 maelfu ya kemikali katika wino huo kwa kuhofia saratani na madhara ya ngozi. Ikiwa wasioona uharamu wameogopa kiasi hicho, mwenye kuona uharamu ana haki zaidi ya kuogopa.

Na watu wenye ngozi nyeusi hupatwa zaidi na makovu yanayovimba na kupita mpaka wa jeraha lenyewe. Mtu aliyekwisha kuona makovu ya namna hiyo mwilini mwake au mwa nduguze, huyo ajue kwamba sindano kwake ina khatari kuliko kwa mwengine.

FASLI YA NNE: Aliyekwisha kuchorwa, na jeraha li bichi

La kwanza limpasalo ni toba. Na masharti ya toba ni kuacha, na kujuta, na kuazimia kutorejea. Toba haingoji alama iondoke. Aliyetubu leo asubuhi na alama ingali inavuja, toba yake ni toba.

La pili ni kuuguza jeraha lake. Wako wanaosema kwamba kumfundisha mtu kuuguza jeraha la haramu ni kumsaidia katika haramu. Maneno haya si sawa. Haramu imekwisha kutendwa. Lililobaki ni mwili wa Muislamu ulio na jeraha, na kuuhifadhi mwili ni wajibu. Anawe mikono kabla ya kugusa jeraha. Aoshe kwa maji safi na sabuni isiyo kali, akaushe kwa kitambaa safi pasi na kusugua. Asikune, wala asibandue magamba. Asiogelee baharini wala katika birika la kuogelea mpaka ngozi ifunge, nako huchukua kadiri ya wiki mbili hatta nne. Asiliweke katika jua kali. Asitie majivu, wala samadi, wala dawa asiyoijua. Akiona wekundu unaenea, au usaha, au uvimbe unaozidi, au homa, aende hospitali siku ile ile, wala haya isimzuie. Na hatta jeraha likipona, akapimwe damu kwa homa ya ini na UKIMWI, khasa akiwa ni mwenye mke, kwa kuwa maradhi hayo hayaishii kwake.

Ama udhu wake katika siku hizo: ikiwa maji hayamdhuru, ataosha kama kawaida. Ikiwa tabibu amemkataza maji, au yeye mwenyewe anajua kwamba yatamdhuru, ataosha sehemu nzima, na kwa ajili ya sehemu yenye jeraha atatayamamu. Na ikiwa pamefungwa bandeji isiyoweza kufunguliwa, atapaka maji juu yake pamoja na kutayamamu. Damu ya nje itaoshwa kabla ya sala. Na zipo sura ambazo sala itapasa kulipwa baadaye, kwa hiyo amwendee mwalimu wake, amweleze jeraha lilipo na lilivyofungwa.

FASLI YA TANO: Udhu na sala ya mwenye alama iliyopona

Mas-ala haya ndiyo yaliyomtoa Zaid msikitini, basi yasomwe polepole.

Je, wino huzuia maji? Hauzuii. Kinachozuia maji ni kitu kilicho juu ya ngozi, kama nta, au lami, au rangi ya kucha. Wino wa washmu uko chini ya ngozi, na fardhi ya udhu ni kuosha ngozi ya juu. Maji yamefika yanapopaswa kufika. Neno la mzee kwamba maji hayaingii ni kosa tangu mwanzo wake.

Je, mahali hapo pana najisi? Katika madh-habi ya Imamu Shafi ndiyo, kwa sababu ya damu iliyofungika na rangi. Maulamaa wamepafananisha na mfupa uliovunjika ukaungwa kwa mfupa wa najisi. Kwa hiyo wamesema kwamba ni wajibu kuiondoa alama, na mwenye kuacha kuiondoa hali ya kuwa ni wajibu juu yake, sala yake haisihi. Neno hili ndilo lililosikiwa na wengi, na masharti yake hayakusikiwa.

Masharti ni haya. Awe amechorwa akiwa baleghe mwenye akili. Awe ametaka mwenyewe. Awe anajua kwamba ni haramu. Pasiwe na haja ya matibabu. Na asikhofie, katika kuiondoa, dhara lenye kuhalalisha tayamamu. Na dhara hilo ni kama kuugua, au kuharibika kiungo, au kuchelewa kupona, au kubaki kasoro mbaya katika kiungo kinachoonekana. Likikosekana sharti moja katika haya, kuondoa si wajibu. Udhu wake ni sahihi, na sala yake ni sahihi, na uimamu wake ni sahihi, wala hana dhambi baada ya kutubu.

Basi aliyechanjwa chale na bibi yake akiwa mtoto mchanga hana dhambi wala hana la kuondoa. Na aliyeshikwa kwa nguvu ni kadhalika. Na aliyesilimu akiwa na alama mwili mzima, kusilimu kwake kumefuta yaliyopita, na wala haambiwi ajichune ngozi ndipo asali. Na katika madh-habi ya Imamu Abu Hanifa, Ibnu Abidin ameeleza kwamba mahali hapo hutwahirika kwa kuoshwa, kwa kuwa alama haiondoki ila kwa kuichuna ngozi. Mwenye kuzijua khitilafu za maulamaa hawi mwepesi wa kumtoa mtu msikitini.

Na katika Fat-hul Bari, Ibnu Hajar al-Asqalani amenakili kutoka kwa Tabari, kwa isnadi sahihi, kwamba Qays bin Abi Hazim aliingia pamoja na baba yake kwa Sayyidna Abubakar (r.a.), akauona mkono wa Asmaa una washmu. Maulamaa wamesema kwamba huenda ilikuwa ni alama ya kabla ya kukatazwa, ikabaki. Alama ile ilionekana katika nyumba ya Abubakar Siddiq, na haikupokewa kwamba mtu alimwambia Asmaa kuwa hana sala.

FASLI YA SITA: Kuiondoa alama

Zamani alama haikuondoka ila kwa kisu au kwa moto, na kwa sababu hiyo maulamaa walikuwa wakiitaja sana khofu ya dhara. Leo iko mashine ya mwanga mkali, iitwayo leza, inayouvunja wino vipande vidogo mno, mwili ukauondoa kidogo kidogo. Hilo limebadilisha hali za baadhi ya watu, na hukumu hufuata hali. Walakini yapaswa kujulikana mambo manne.

La kwanza, haimalizi kwa siku moja. Huhitaji vikao vingi, mara nyingi sita hatta kumi na zaidi, na baina ya kikao na kikao hupita wiki kadhaa. La pili, wino mweusi hutoka kwa wepesi kuliko rangi nyengine, na alama nyengine hazitoki zote. La tatu, ngozi nyeusi huweza kupoteza rangi yake au kuzidi weusi mahali palipopigwa mwanga, tena huweza kufanya kovu. Kwa hiyo apigwe na tabibu wa ngozi anayejua mashine ifaayo ngozi hiyo, wala asipigwe na kinyozi aliyenunua mashine. La nne, gharama yake ni kubwa, na Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa uwezo wake.

Basi njia ya Zaid ni kwenda kwa tabibu muaminifu. Akiambiwa kwamba yaweza kutoka pasi na dhara, naye ana uwezo wa mali, imempasa aanze. Akiambiwa kwamba ina dhara, au hana uwezo, atabaki na toba yake, na aufunike mkono kwa nguo ili asiwavute wengine. Na katika hali zote mbili asiache sala hatta wakati mmoja. Fardhi haimwondokei mtu kwa ajili ya najisi asiyoweza kuiondoa, na dhambi ya kuacha sala ni kubwa mno kuliko dhambi ya sindano.

Ama kujichoma kwa pasi, au kumimina maji ya betri, au kusugua kwa chumvi na jiwe mpaka damu itoke, hayo ni haramu nyengine juu ya haramu ya kwanza. Haimjuzii mtu kuondoa dhara kwa dhara mfano wake, sembuse kwa lililo kubwa zaidi.

FASLI YA SABA: Maiti mwenye alama

Watu wengine husema kwamba maiti mwenye washmu haoshwi mpaka achunwe, au kwamba hasaliwi. Haya ni uwongo juu ya Sharia. Muislamu akifa na alama yake, ataoshwa kama wengine, atakafiniwa, atasaliwa, na atazikwa katika makaburi ya Waislamu. Hachunwi wala hakatwi, kwa kuwa heshima ya maiti ni kama heshima ya aliye hai, na wajibu wa kuondoa umekatika kwa mauti. Na muoshaji akiona alama mwilini mwake, imempasa asitiri, asitoke nje akahadithia barazani.

KHATIMA

Kwa asiyechorwa, somo ni fupi. Kitu kilichotajwa pamoja na laana, chenye najisi ndani yake, chenye khatari ya maradhi yanayomfikia mke na mtoto, na chenye kuondoka kwa shida na mali nyingi, hakistahiki kununuliwa kwa fedha. Kijana akishawishiwa na wenzake aseme: Ningojeeni mwaka mmoja. Mwaka ukipita huenda lile jina alilotaka kuandikwa asilitake hatta kulisikia.

Kwa aliyechorwa, somo ni fupi zaidi. Arejee. Katika aya ya 53 ya Sura ya Zumar, Mwenyezi Mungu amewakataza waja wake waliojidhulumu wasikate tamaa na rehema yake, wala hakuwatoa katika waja hao wenye alama katika ngozi zao.

Na kwa mzee wa birikani, yamempasa matatu. Alisema pasi na ilimu, basi aombe msamaha kwa Mola wake. Alisema mbele ya watu, na nasaha hutolewa faraghani. Na tena alimtoa mtu katika safu, basi aende mwenyewe nyumbani kwa Zaid, abishe hodi, amwambie kuwa alikosea, washikane mikono, waje pamoja kabla ya adhana ya Alasiri. Akiambiwa na watu kwamba hiyo ni aibu kwa mtu mzima, awajibu kwamba aibu hiyo ni ya saa moja, na sala zilizoachwa ni za miaka.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wa Kiislamu, awakubalie toba wenye kutubu, na awape wazee ulimi laini na ilimu yenye kunufaisha. Amin. Wallahu aalam.